Vitambaa vya Buluu

Kaka yangu ni fundi wa ndege ndogo, na tangu nipate akili sijamwona akiwa hajachoka. Mume wangu naye ana ndege kuukuu ya watu wanne, aliyoinunua alipostaafu udaktari wa meno. Mimi niko katikati yao, na nawaambia, si mahali pa kupumzika.

Mwezi ule binti yetu alijifungua mbali, mtoto njiti, na mume wangu akaapa kwamba Jumapili tungeruka tukamwone mjukuu. Kaka akaitwa kuikagua ndege. Akanusa petroli ndani. Mume wangu akasema ni yeye aliyeimwaga kidogo wakati wa kujaza. Kaka hakubishana. Alilala chali chini ya bawa, maana tangi limo humo, akatafuta doa. Petroli ile hutiwa rangi ya buluu makusudi, ili ikivuja iache alama. Hakuona kitu, bawa linang'aa kama sahani ya wageni. Kesho yake akarudi, na keshokutwa tena, mgongo unamuuma, bawa safi vilevile. Mume wangu akaanza utani: shemeji, pua imezeeka hiyo, nenda kalale. Mwishowe Kaka akakubali kwamba labda ni uchovu tu. Akasema ataipitisha.

Jumamosi akapita kwangu kunywa chai. Alikaa kizingitini ili asichafue viti, kikombe gotini, macho uani. Halafu akaacha kunywa. Akaniuliza vile vitambaa kwenye kamba ni vya nini. Nikamwambia ni vya shemeji yake, anafutia ndege kila siku kabla fundi hajafika, anaona aibu aikute chafu. Mimi kazi yangu kufua. Ile buluu haitoki, nikamwambia, nadhani ni dawa ya kung'arishia.

Kaka akainuka, akavuta kimoja, akakinusa. Uso wake ukaniambia kwamba si dawa. Mizigo yangu ilikuwa tayari mlangoni, na viatu vya mtoto juu yake.

Mume wangu alipotoka chumbani, Kaka alimwekea kitambaa mkononi.

"Shemeji," akasema polepole, "ndege inatapika, wewe unaipangusa mdomo."

Mume wangu akakinusa naye, akakaa chini. Nilimkasirikia na kumwonea huruma, vyote kwa pamoja. Mtu kaipenda ndege yake hadi nusura atuue! Kaka akaeleza kwamba tangi litamwagwa petroli yote, gundi ya zamani inayoziba maungio yake ikwanguliwe, ipakwe mpya, nayo iachwe ikauke vizuri. Jumapili tuisahau. Nililia palepale uani, wala sioni haya kusema.

Kaka alikwenda kulimwaga tangi, na aliporudi alisimama mlangoni akipapasa mifuko, akitafuta funguo za gari lake. Nikamwambia safari ya barabara ni ndefu na yeye hoi. Akasema amezoea kuchoka, afadhali safari hii achokee kwa mjukuu.

Alfajiri kioo cha mbele cha gari la Kaka kilikuwa kimejaa vumbi. Mume wangu, mazoea hayo, akatoa kitambaa mfukoni. Kaka akamshika mkono. Akapiga magoti taratibu, mgongo ukimkatalia, akachungulia chini ya gari. Pakavu.

"Haya," akasema, "sasa futa."