Mstari Ulioondoka na Baba

Tangu tumzike Baba, visu vya baba mdogo vilikuwa vinatoka vipofu. Neno hilo ni lake mwenyewe. Kisu kipofu ukikisugua kwa siki hakikuonyeshi kitu, kijivu kitupu kutoka mgongoni mpaka kwenye makali. Vile alivyotengeneza na Baba vilikuwa na mstari, kama ukungu uliotanda juu ya makali, na wateja walikuja kwa sababu yake.

Mstari huo hauchorwi. Mgongo wa kisu hupakwa udongo, makali yakaachwa wazi, kisha kisu kikishakuwa chekundu huchovywa majini. Makali hupoa ghafla yakawa magumu, mgongo hupoa taratibu ukabaki laini, na mpaka wao ndio mstari. Lakini si kila chuma hukubali. Springi za magari zimechanganywa na madini mengine, hivyo hukaza kotekote na mstari haueleweki. Baba alitaka chuma cha kawaida kabisa, chuma na kaboni basi, na alikipata kwenye tupa kuukuu, zile za kunolea mapanga. Yeye ndiye aliyechagua. Baba mdogo alifua, Mama akatia mipini.

Sasa baba mdogo alikuwa akibisha hodi kwenye karakana yake mwenyewe. Akifua, alipiga nyundo moja akaacha nafasi, kama anampisha mtu. Siku moja nilimsikia akisema polepole, "Kaka, niachie kidogo basi." Nilirudi nyuma na chai yake mkononi, nikainywa mwenyewe.

Kisu kilichofuata nacho kilitoka kipofu. Alikitupa kwenye ndoo.

"Kaondoka nao," alisema. "Kikitoka hivi tena nafunga. Nitaenda kuchomelea watu madirisha."

"Shemeji," Mama alisema, "yule mtu alikuwa akisahau viatu vyake msibani. Leo ndiyo akumbuke kubeba mstari?"

Baba mdogo hakucheka. Mama naye hakucheka sana.

"Tupa hizi unazipima?" akauliza.

"Nazipima kwa cheche, kama yeye. Nazigusisha kwenye jiwe, cheche zinapasuka vizuri tu."

"Unazigusisha kiasi gani?"

"Kidogo. Niharibu chuma cha nini?"

Mama alifunga mlango na dirisha ili tuone cheche vizuri, ingawa nje jua lilikuwa kali. Gizani humo nilihisi tumekuwa wanne. Baba mdogo aliwasha mashine ya jiwe la kunolea, akagusisha tupa mpya ya dukani. Cheche ziliruka, zikapasuka nchani kama vijimaua.

"Unaona?"

"Endelea," Mama alisema. "Baba yake huyu alikuwa anaila tupa hasa. Nilikuwa nikimgombeza kwa vumbi."

Akakandamiza. Vijimaua vikapungua, kisha vikaisha. Zikabaki nyuzi ndefu za rangi ya chungwa, zimenyooka, hazipasuki. Tupa ilikuwa ngumu kwenye ngozi tu. Ndani ilikuwa chuma laini, kama cha msumari. Zile kuukuu za Baba zilikuwa zimekwisha, na tangu hapo baba mdogo alikuwa akifua hizi za dukani bila kujua kuwa ndani ni laini.

Alizima jiwe. Lilichukua muda kusimama, na sisi sote tulilisikiliza.

Mama alimpa tupa yake ya kulainishia mipini, aliyochaguliwa na mumewe siku alipoanza kazi na ndugu hao wawili. Baba mdogo aliikandamiza mpaka ndani kabisa, na cheche hazikuacha kupasuka.

"Ukiiharibu hii," Mama alisema, "mipini utalainisha kwa meno."

Aliifua siku hiyo na iliyofuata. Akaipaka udongo mgongoni, akaipasha moto mpaka sumaku ikakataa kuishika, ishara kwamba imeiva, akaichovya. Tulisubiri kwa hofu ule mlio mdogo wa chuma kupasuka. Haukuja. Akaipasha tena kidogo kuipunguzia ugumu, akaisugua kwa msasa, akapitisha kitambaa cha siki.

Mstari ulijitokeza taratibu, mweupe, ukipanda na kushuka juu ya makali.

Mama alipiga kigelegele kifupi. Mimi nilimtazama baba mdogo, nikasubiri afurahi.

"Kwa hiyo ni tupa tu," alisema.

"Tupa tu, shemeji. Hakuwa amekukasirikia."

"Bora angekasirika." Alikigeuza kisu, akakigeuza tena. "Nilikuwa naingia humu najua yupo. Nilikuwa namwomba, naye ananinyima. Sasa nani alikuwa ananinyima?"

Mama alikichukua kisu mikononi mwa shemeji yake, akapima kwa vidole urefu wa mpini, akaenda kwenye rundo la mbao kuchagua. Baba mdogo alibaki amesimama katikati ya karakana, akitazama kona moja baada ya nyingine, kama mtu aliyehamia nyumba jana.