Glasi ya Mama na Ukuta wa Bwawa

Kila mwaka jua likichoma mpaka majani ya chai yajikunje, sukuma wiki ya mama ilikuwa inastawi tu. Majirani zake pande hizi za Roret walipita kwenye ua wakichungulia kwa wivu usiofichika. Mmoja alisema ni mbolea ya siri. Mwingine, mshirika mwaminifu kabisa wa kanisa, alinong'ona neno ambalo sitalirudia hapa. Mama mwenyewe alisema ni baraka. Mimi nilisema bwawa linavuja, na tangu siku hiyo chai niliyoandaliwa kwa mama ikawa na maziwa kidogo kuliko ya wageni wengine.

Juu ya nyumba ya mama kuna bwawa dogo la kunyweshea ng'ombe, lililozuiwa kwa ukuta wa udongo mtupu. Hakuna simiti wala mawe. Ni udongo ulioshindiliwa zamani, ukaota nyasi, na ng'ombe wakajitengenezea njia juu yake. Nyumba ya mama iko chini ya ukuta huo, karibu kiasi kwamba bata wakigombana bwawani yeye anasikia sababu. Shamba lake la mboga liko katikati, mguuni pa ukuta, mahali ambapo ardhi haingoji mvua ili ilowe.

Mimi naishi juu ya kilima, ng'ambo ya mashamba ya chai, na nina tabia ya kukasirika kabla ya kusalimia. Nilimwambia mama ahamie kwangu. Akaniambia hajawahi kusikia mtu amehama kwa sababu mboga zimemea vizuri. Nikaenda kumtafuta ofisa wa maji wa kaunti.

Ofisa alikuja na gambuti zake, mtu mpole. Alipanda ukutani, akachungulia mashimo ya fuko, akatikisa kichwa alipoona jinsi ile njia ya ng'ombe ilivyochimbika, kisha akashuka na kuchuchumaa katikati ya sukuma wiki. Alitueleza kwamba ukuta wa udongo unaweza kuvuja kidogo, na maji yakitoka safi mtu anavumilia huku akipanga kuurekebisha. Yakitoka na rangi, yamebeba udongo, na maana yake ukuta unaliwa kutoka ndani. Hapo usitafute viatu, kimbia. Akatuonyesha pia mfereji wa pembeni, ule ambao maji ya ziada hupitia bwawa likijaa. Huo usizibwe hata siku moja, alisema, kwa sababu maji yakikosa mlango yatapita juu ya ukuta, na ukuta wa udongo hauwezi kustahimili hilo.

"Nimesikia," mama akasema. "Sasa kuja ukule."

Alimlisha ugali na sukuma wiki ya pale pale. Ofisa akaomba aongezewe. Nilikaa nikimtazama shahidi wangu akila ushahidi wote mpaka mchuzi.

Lakini mama alikuwa amesikia kweli. Kila asubuhi baada ya kukama alichota maji yaliyovuja shambani kwa glasi yake ya wageni, akaiinua kwenye mwanga, halafu akanipigia simu. "Iko safi," anasema, na kukata kabla sijamwambia ahame.

Tungeendelea hivyo kama mama hangeamua kubatizwa. Kanisani alikuwa ameenda miaka na miaka, ameimba, amepikia wageni, lakini kwenye maji alikuwa amekataa kata kata. "Mungu ananijua hata nikiwa mkavu," alikuwa anasema. Mwaka huu, bila kushawishiwa na mtu, akatangaza kwamba yuko tayari. Kanisa lilishangilia, hasa kina mama ambao walikuwa wamemwombea mpaka wakachoka.

Alikuwa na sharti moja. Kanisa letu hubatiza bwawani, na ubatizo uliotangulia ulifanyika wakati wa kiangazi, maji yakiwa ya magoti. Pasta, mtu mrefu mwenye mikono mizito, alilazimika kuwalaza watu na kuwageuza ili kila upande ulowe. Mzee mmoja alitoka na mgongo mkavu, na mpaka leo kuna wanaobishana kama mgongo ule umeokoka.

"Mimi si viazi ya kuoshwa," mama akasema. "Nataka maji ya kunifunika mara moja."

Wazee wa kanisa wakipewa kazi inayoonekana hawalali. Walijaza udongo kwenye magunia ya mbolea ya chai, wakaziba ule mfereji wa pembeni ili bwawa lijae vizuri. Na huo ulikuwa mwanzo wa mvua za masika. Mimi niliyakuta magunia siku chache kabla ya ubatizo, nikiwa nampelekea mama sukari. Niliiweka sukari chini nikamtafuta pasta.

"Pasta, mmefunga mlango ya maji juu ya nyumba ya mama yangu ndio mumbatize mama yangu?"

"Ni ya siku chache tu, dada. Jumapili tukimaliza tunatoa."

"Na mvua mmeiambia ingoje Jumapili?"

"Tunaomba, dada."

Mama akatokea nyuma yetu. "Wachana na mtumishi wa Mungu. Glasi iko safi, nimeangalia leo."

Nilijaribu kuvuta gunia moja mwenyewe. Udongo uliolowa ni mzito kuliko hasira, nami nikakaa kitako matopeni. Wazee waliniinua kwa heshima nyingi, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumamosi mvua ilinyesha mchana kutwa. Jumapili nilipofika, maji yalikuwa yamekaribia ile njia ya ng'ombe, na kanisa zima lilikuwa limejipanga juu ya ukuta, limevaa nguo nzuri, likiimba na kuyumba. Nilipiga kelele washuke. Walinipungia mikono kwa furaha. Na asubuhi hiyo simu ya mama haikuwa imekuja.

Ndipo nikamwona akipanda kutoka shambani, amevaa kanzu nyeupe ya ubatizo, ameshika glasi kwa mikono miwili. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Pasta," akasema, "hii si maji ya jana."

Nyimbo zikakatika. Pasta aliiangalia glasi, akaangalia nyumba ya mama kule chini.

"Mimi nilikubali nizamishwe," mama akaendelea. "Nyumba na ng'ombe bado hawajaamua."

Sijawahi kuona kanisa likishuka haraka hivyo. Pasta alikuwa wa kwanza mferejini na suti yake, wazee wakafuata, kina mama wakafunga leso viunoni. Nilivuta magunia pamoja nao, na safari hii yalikuja. Maji yalipopata mlango yalinguruma, yakabeba kiatu kimoja cha pasta, ambacho kilielekea mtoni bila kuaga.

Tulihamisha ng'ombe, tukakaa pembeni juu ya mteremko, tukitazama bwawa likipungua. Mama alishuka tena na glasi yake nikimkataza. Alipokataa kukatazwa nikashuka naye, nimeishika kanzu yake kwa nyuma. Kufikia alasiri maji ya glasi yalikuwa kama ya kuoshea vikombe, kisha yakazidi kutakata.

Pasta akapendekeza ubatizo uahirishwe. Bwawani maji yalikuwa yamerudi kwenye magoti.

"Hapana," mama akasema. "Basi niwe viazi."

Akalazwa, akageuzwa, kila upande ukalowa. Alitoka na tope sikioni, meno yakigongana, amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Nilimfunga blanketi. Aliutazama ule ukuta, akaniambia kwa utulivu, "Sasa hata ikianguka, mimi niko tayari."

Nilitafuta hasira yangu ya kawaida nikaikosa. Nikaanza kulia mbele ya watu wote.

"Mama, mimi siko tayari."

Aliniangalia kwa muda mrefu, vile alivyozoea kuiangalia ile glasi.

"Haya," akasema. "Lakini ng'ombe inakuja."

Ng'ombe amemaliza maua yangu yote huku juu ya kilima. Ukuta haujarekebishwa bado, na mfereji uko wazi. Siku hizi ninayeshuka na glasi asubuhi ni mimi, na mama hataki nimpigie simu. Anangoja mlangoni mpaka anione narudi.