Maji Kwenye Pamba ya Mayu

Mwaka niliofeli darasa la saba nilikuwa siwezi kutulia. Nikikaa, miguu inacheza. Nikisimama, macho yako kwenye barabara ya Bariadi. Darasani kwetu walichaguliwa wawili tu kwenda sekondari, na kila nilipoziona sare zao nilijiona si chochote si lolote. Nasema ukweli, niliwachukia, na wala hawakunikosea kitu.

Mama yangu, ambaye kwetu Nkololo tunamwita mayu, hakunibembeleza. Alinikalisha uani kwenye turubai tuchambue pamba, nyeupe kulia, fifi kushoto. Fifi ni ile ya manjano, iliyochafuka, ambayo zamani ushirika ulikuwa unakurudishia mbele za watu mpaka uone aibu. Pamba ya msimu ule ndiyo ingenipeleka mjini kujifunza cherehani. Alikuwa ameniahidi.

Jua likianza kushuka, analeta swali lake: "Leo mikono yako imefanya nini cha kushukuru?"

Kila siku! Hadi leo, mtu mzima mimi, jua likishuka miguu inaanza kucheza.

"Hakuna."

"Kipo."

"Nimeteka maji, basi!"

"Wabeja," anasema, yaani asante kwa Kisukuma, kwa heshima ileile ambayo angempa mgeni aliyemletea mbuzi. Nilidhani ananikejeli.

Kisha soko likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao. Walikuwa wanagombania pamba, fifi hawaiulizi, wanapakia tu. Kijijini watu wakaacha kuchambua. Wengine wakatia mchanga, wengine wakanyunyiza maji ili gunia liwe zito, na hao ndio walioitwa wajanja. Mayu akaendelea na kulia na kushoto yake. Nikamwona mshamba.

Siku moja alikwenda msibani, nami nikasikia kwamba lori litapita kesho. Nilimwaga ndoo mbili nzima kwenye magunia yetu, nikayafunga vizuri. Jamani, moyo ulivyokuwa unadunda kwa raha! Kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke, nilijiona nina akili.

Lori halikuja. Halikuja siku ya pili, wala ya tatu. Nilikwenda barabarani mara kumi kwa siku, nikarudi, nikagusa magunia, nikakuta yana joto. Jioni nikiulizwa lile swali natunga: nimefagia, nimepepeta mtama. "Wabeja," anasema mayu, na ile wabeja ikawa inanichoma.

Siku ya tano harufu ilitutangulia sote. Mayu alifungua gunia la kwanza mwenyewe, mvuke ukatoka. Pamba ya katikati ilikuwa imeshikana na kugeuka manjano. Akafungua la pili, la tatu. Hata wale wa malori wasingegusa uozo ule. Alitandika turubai, akamwaga yote, akakaa. Nami nikakaa, maana ningekimbilia wapi? Tulichambua tangu asubuhi. Nyeupe ilikuwa kiasi cha kujaza mto wa kulalia, na cherehani yangu niliiona inavyokwenda, fungu kwa fungu, kwa mikono yangu mwenyewe.

Jua likashuka. Nikamwomba Mungu asiulize. Akauliza vilevile, kwa sauti ileile.

"Niliimwagia maji pamba yetu, mayu." Kamasi na machozi vilikuwa vinanitiririka. "Siku ile ulipokwenda msibani. Leo sijafanya kitu. Leo nimesema tu."

"Wabeja," akasema.

Hakuwa ananikejeli. Hakuwahi kunikejeli hata siku moja, na mimi nilikuwa nimemnunia msimu mzima. Ndipo nikagundua kuwa sikuwahi kumuuliza yeye, na wala sikuwahi kumsikia mtu yeyote pale nyumbani akimuuliza.

"Na wewe, mayu? Mikono yako imefanya nini leo?"

Akaigeuza, akaitazama kama kitu alichosahau kuwa nacho. Ilikuwa imechanikachanika na vitumba vya pamba.

"Imetaka kukupiga tangu asubuhi," akasema. "Haikukupiga."

"Wabeja, mayu," nikamwambia, nikavuta fungu jingine.