Mitungi Iliyosafishwa Mno

Yurub alikuwa na miezi mitatu Garissa na bado alishangaa kwamba watu humuuliza ukoo wake kabla ya kumuuliza hali. Alizaliwa na kukulia Gothenburg, Uswidi, ambako aliishi mlango kwa mlango na mama mmoja kwa miaka sita bila kujua anaitwa nani. Hapa, siku ya kwanza tu, wauza maziwa wote sokoni walishajua kwamba ana miaka ishirini na saba, hana mume, na hawezi kumeza mafuta ya nundu ya ngamia.

Hakukasirika. Aliweka daftari la maswali, na kila jioni alimsomea Eeddo Raho, shangazi yake, aliyempokea nyumbani. Kwa nini wauza ngamia hupatana bei kwa kushikana vidole chini ya kitambaa? Kwa nini mgeni hunyweshwa kwanza ndipo aulizwe habari?

"Ulikuwa chuoni kule au ulikuwa polisi?" Raho alimuuliza.

Raho aliuza maziwa ya ngamia. Dada yake alipougua huko Hadado, Raho alikwenda kumuuguza, akamwachia Yurub meza yake ya sokoni kwa siku nne. Yurub alikuwa akiiomba nafasi hiyo tangu afike. Kaka yake alipiga simu kila Ijumaa akimtaka arudi Uswidi, naye Yurub alitaka awe na kazi yake mwenyewe kabla ya kumjibu.

"Usinipotezee Issack," Raho alimwonya. Issack alikuwa na mkahawa karibu na steji ya matatu na alichukua lita ishirini kila asubuhi. "Ukimpoteza, utarudi jikoni kukoroga chai."

Raho alipoondoka, Yurub alifungua mitungi ya mbao ya maziwa. Ndani ilikuwa myeusi, inanuka moshi. Alikokulia, maziwa yenye harufu hiyo yangemwagwa. Akachemsha maji, akatia sabuni, akasugua mpaka maji yakatoka meupe. Aliridhika sana.

Asubuhi Issack alikinga tone kiganjani, akaonja, akakunja uso.

"Maziwa haya yametoka hospitali?"

"Nimeosha mitungi kwa sabuni, adeer," Yurub alisema, akimwita ami kwa heshima. Wanawake wa meza za jirani wakacheka.

"Sabuni! Raho anajua?" Issack akahamia meza ya Barwaqo, mmoja wa wanawake hao. Kufikia adhuhuri maziwa ya Yurub yalikuwa yameharibika.

Barwaqo angeweza kunyamaza, maana hasara ile ilikuwa faida yake. Lakini Yurub alimfuata na daftari mkononi.

"Nieleze, nimeosha nini hasa?"

Barwaqo aliangua kicheko. "Umeosha miaka tisa ya moshi, dada yangu, abaayo!"

Kisha akamwonyesha. Unachoma vijiti vya mti maalumu, unatia makaa yake mtungini, unafunika, unatikisa, unamwaga, unapangusa. Moshi ule ndio unaozuia maziwa yasiharibike upesi kwenye joto, na ndio ladha ambayo watu wanaijua tangu utotoni.

"Kwa dakika ngapi?"

"Una pua, huna?"

Siku ya pili Yurub hakuuza chochote. Alifukiza mitungi. Mmoja ukanuka kama mkeka ulioungua, mwingine haukushika moshi kabisa. Aliandika yote: vijiti vingapi, muda gani, kifuniko wazi au kimefungwa. Vidole vilimuuma, lakini hakuwa amefurahia somo lolote namna ile tangu amalize chuo.

Siku ya tatu alimsimamisha Issack njiani na kumtilia tone kiganjani kabla hajakataa.

"Umezidisha," Issack alisema. "Ni kama nanyonya mkaa."

"Nipunguze dakika ngapi, adeer?"

"Mimi napika chapati, dakika zako nitazijulia wapi?" Akaonja tena, akasogeza dumu lake. "Nitilie lita kumi. Kumi tu."

Raho aliporudi, alikuwa ameshasimuliwa yote kabla ya kufika mezani. Alinusa mtungi mmoja mmoja.

"Issack analalamika," alisema mwishowe.

"Analalamika, eeddo, lakini ananunua. Leo pia amechukua kumi."

"Na zile kumi nyingine?"

"Ziko kwa Barwaqo. Ninazitafuta."

Raho akanusa tena mtungi wa mwisho, akauweka chini.

"Basi kesho uje na kigoda chako," alisema. "Hiki unachokalia ni changu."