Laptop yangu imeombewa Otonglo

Leo laptop yangu imeombewa hapa soko la Otonglo, na sijui nifiche uso wapi.

Nilienda kumwonyesha Mama Atieno, muuza samaki, programu ya bei niliyomwandikia kwa lugha ya kompyuta ya Go. Ikagoma, ikidai haipati pakiji ya bei, yaani kile kifurushi cha msimbo wa kukokotoa bei.

Nikalaumu mtandao.

Masikini, Mama akaniamini, akaita wenzake, wakainyooshea laptop mikono, wakaanza maombi.

Wao wamefumba macho, mimi nachungulia skrini. Ndio nikaona.

Pakiji yenyewe iko hapo hapo kwenye folda yangu, si ya kupakuliwa. Nimeiita tu bila kutanguliza jina la moduli, yaani la mradi mzima, lililo kwenye faili la go.mod. Mtandao hauna hatia!

Nikarekebisha mstari kabla ya "Amina". Ikakubali.

"Mungu ni mwema!" Mama akapaza sauti.

"Kila wakati," nikajibu.

Sasa Jumapili anataka nitoe ushuhuda kanisani. Nitasema nini, jameni?