Ukuta wa Mama Cherehani na Mama Mkaa

Walipomwambia kwamba nyumba ya jirani itavunjwa, Mama Cherehani alikuwa akitunga uzi kwenye sindano ya mashine, na hakuinua kichwa. Katika mtaa ule kuvunjwa kwa nyumba haikuwa habari. Nyumba ya Mpishi ilishakuwa duka la simu, na kwa Mzee Pampu, aliyekuwa akitunza bomba la kwanza la maji, sasa palisimama ghorofa lenye vioo vya buluu. Zamu ilikuwa imemfikia Mama Mkaa, basi. Mwanawe, dereva wa lori, amepata uwezo na anataka kumjengea mama yake ghorofa. Nani amwonee kijicho?

Mama Cherehani aliingia pale akiwa bibi harusi wa seremala wa karakana ya reli. Hapakuwa na mtaa. Palikuwa na kichaka, mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, na vijumba vichache vya wafanyakazi wa karakana. Walijenga kwa miti na udongo, wakaezeka kwa mapipa ya lami yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Mvua ikinyesha, watu waliongea kwa ishara. Ili kuokoa miti, seremala na mume wa Mama Mkaa waliziegemeza nyumba zao pamoja, ukuta mmoja katikati.

Uwezo ulipokuja, nao ulikuja kwa kudonoadonoa, watu wale walikuwa na namna yao ya kujenga. Hakuna aliyekuwa na pa kuhamia, kwa hiyo hakuna aliyebomoa. Ukuta wa matofali ulipandishwa kwa nje, ukaizunguka nyumba ya udongo kama mtu anayevaa koti juu ya shati, na ndani maisha yakaendelea, watu wakapika na kulala. Ukishaezeka, ndipo unaibomoa ile ya ndani na kuitoa mlangoni kwa mabeseni. Binti yake Mama Cherehani alizaliwa hivyo, katika nyumba iliyokuwa ndani ya nyumba.

Fundi wa dereva alipokuja kukagua, aliomba kuingia chumbani kwa Mama Cherehani. Akagonga nyundo ukutani, nyuma ya kitanda. Plasta ikabanduka kipande kama sinia. Nyuma yake hapakuwa na tofali hata moja. Palikuwa na udongo mwekundu, fito, na mti uliooza nusu.

"Mama, huu ukuta ni wa nani?"

"Wa Mama Mkaa. Walijenga wao."

Mama Mkaa alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe. "Wangu? Tangu lini, shoga? Marehemu wangu alisema seremala ameshaujenga, sisi tupige plasta tu."

"Na wangu akasema mmejenga ninyi."

Wakatazamana. Wa kuulizwa hakuwepo, si huku wala kule.

"Ndiyo maana nilikuwa nasikia ukijikuna," Mama Mkaa akasema.

"Na mimi nikisikia unavyomsema mkwe wako."

Dereva akakohoa, maana mkwe mwenyewe ndiye mkewe.

Fundi alieleza polepole, kama anayeleta habari za msiba. Paa la chumba hiki limelala juu ya ukuta huo. Nyumba ya jirani ikivunjwa, chumba kinafuata. Itabidi mama ahame mpaka ghorofa lisimame, halafu ajengewe ukuta wake. Jioni hiyohiyo binti yake akaja na begi tupu.

"Mama, twende kwangu. Ni kwa muda tu."

Hilo neno Mama Cherehani alilijua. Mpishi alikwenda kwa mwanawe kwa muda. Mzee Pampu alikwenda kutibiwa macho kwa muda, akaacha hata viatu vyake vya mvua uani. Hakuna aliyewafukuza. Walizoea huko, au walifia huko, na watoto wakauza. Katika wale wa mapipa ya lami walikuwa wamebaki wawili, yeye na Mama Mkaa.

"Siendi."

"Vumbi litakuua, mama."

"Wewe ulizaliwa katika vumbi la saruji. Ulipiga chafya kabla hujalia. Ulikufa?"

Asubuhi alimwuliza fundi kama paa haliwezi kushikiliwa, ukuta ukatolewa na kujengwa upya kabla nyumba ya jirani haijaguswa.

"Kushikiliwa linaweza," fundi akasema, akimtazama dereva. "Ila ukuta wa tofali ni mnene. Utakula nafasi upande wenu."

"Mama mdogo, tunakuheshimu," dereva akaanza, "lakini sebule yenyewe tayari ni..."

"Sebule ya nani?" Mama Mkaa akauliza.

"Yako, mama."

"Basi ipunguze. Na mkivunja, mimi siendi kwa mtu. Nitalala hapa kwa mwenzangu."

Nguzo zikasimamishwa chini ya paa, ukuta ukatoka kwa mabeseni. Vumbi lilipotulia, wanawake wawili walijikuta wameketi kila mmoja chumbani kwake, hakuna kitu katikati.

"Kumbe kitanda chako kimekaa huko?"

"Na chako?"

"Hapohapo."

Miaka yote ile, tangu ujana hadi ujane, walikuwa wamelala vichwa vimekaribiana, unene wa udongo tu kati yao. Mama Cherehani alitaka kusema kitu juu ya hilo. Mama Mkaa akamwahi, akaanzisha habari za mkwe.

Fundi aliomba njia, hakupewa, akaanza kupanga matofali hivyohivyo. Yalipofika kiunoni, wakasimama. Yalipofika kidevuni, Mama Cherehani akapanda juu ya kigoda.

"Ngoja kwanza, fundi," akasema Mama Mkaa kutoka ng'ambo. "Sijafika pale mkwe alivyonijibu."