Treni Niliyowaahidi Wadogo Zangu

Tuliokusanyika stesheni ya Kisumu asubuhi ya leo, Jumamosi, ni hawa: mimi, kifungua mimba, muuza samaki wa kukaanga pale ufuoni Dunga; Akinyi, wa tatu kuzaliwa, ambaye ni muuguzi; na Odhiambo, kitinda mimba, mwalimu mrefu ambaye huinama kwenye kila mlango. Wa pili, Ochieng, alikuwa amealikwa. Kama alikuja au hakuja nitasema tukifika Kisian, maana ndiko anakoishi na ndiko tulikotarajia apandie.

Sababu ya safari ni ahadi. Mama alipomfuata Baba kaburini, mimi niliacha shule, darasa la saba. Tulikuwa tukiishi Bandani, na treni ya abiria ilipita nyuma ya nyumba. Wadogo zangu wakikataa uji usio na sukari, niliwaambia wamalize, siku moja nitawapandisha treni ile kutoka Kisumu hadi Maseno, kila mtu kwa zamu yake dirishani. Wakamaliza. Baadaye treni ikaacha kubeba abiria, nami nikashukuru kimoyomoyo. Sasa mabehewa yamerudi, na kabla sijamaliza kusikia habari hiyo redioni, Odhiambo alinipigia simu.

"Dada," akasema, "uji tulikunywa."

Saa moja asubuhi tulikuwa tayari dirishani pa kukatia tiketi. Stesheni imepakwa rangi, lakini mabenchi ni yale yale ya mbao, yaliyong'arishwa na makalio ya watu wengi kuliko ninavyoweza kukisia. Kuna bomba la maji, kuna choo kilichodekiwa, na kuna mama mmoja anayezungusha chai na mandazi hadi kwenye madirisha ya behewa. Karani wa mizigo alipima kikapu changu, akanusa, akauliza kama samaki wale nao wana tiketi. Akinyi akamjibu kwamba hao wanakwenda Maseno tu, hawarudi.

Saa mbili kasoro filimbi ikalia. Nilikuwa nimejiambia nitatulia kama mtu mzima, lakini behewa liliposhtuka na jukwaa likaanza kurudi nyuma, nilimshika Akinyi mkono kwa nguvu hadi akalalamika. Odhiambo alikuwa ameshajitosa dirishani. Nikamkumbusha kwamba zamu huanza na mkubwa. Mwalimu mzima, mwenye tai, akanisogezea kiti huku amenuna.

Tulipopita nyuma ya Bandani watoto walitupungia. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto, kijani kwa magugu, na mitumbwi ilikuwa imejipenyeza katikati yake. Hapo ndipo kicheko kilipopungua, kwa sababu kituo kilichofuata kilikuwa Kisian.

Niseme wazi. Ochieng alikuwa darasa la nane, wa kwanza darasani, nilipoona mikono yangu miwili haitoshi. Sikumuuliza. Jumatatu moja nilimwamsha nikampeleka Dunga kuvuta nyavu, na jioni yake nikaikata sweta yake ya shule nikampunguzia Odhiambo. Alivuta nyavu miaka sita bila kunung'unika, kisha akahamia Kisian kutengeneza pikipiki. Tangu hapo huongea na Akinyi na Odhiambo, nami huniletea salamu kupitia kwao. Safari hii nilimtumia tiketi kupitia kwa Akinyi. Hakusema ndiyo, hakusema la.

Kisian treni husimama kidogo tu. Behewa letu lilipita jukwaa likasimama kwenye majani, nikalazimika kutoa kichwa na mabega nje ili nione. Nikaona mama mwenye kuku, wanafunzi wawili, na mlinzi wa kituo akikunjua bendera ya kijani. Nikaita jina la Ochieng mara mbili. Bendera ikainuliwa. Treni ikaondoka, nami nikabaki nje ya dirisha mpaka Akinyi aliponivuta kwa sketi nisigongwe na matawi.

Nilipogeuka, Ochieng alikuwa amesimama kwenye kijia kati ya viti. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kanisani.

Odhiambo alimuuliza amepandia wapi. Akasema Kisumu. Alikuwa ametoka kwake alfajiri kwenda mjini, akakaa behewa la mwisho tangu mwanzo.

"Uliahidi kutoka Kisumu," akasema, akinitazama mimi. "Si kutoka Kisian. Halafu nilitaka kuona kama utanitafuta."

"Na umeona?"

"Nimeona. Nusura uache kichwa kituoni." Akaniashiria nisimame. "Sasa toka hapo. Kisian hadi kituo kijacho, Lela, ni zamu yangu."

Kutoka hapo sikumbuki safari iliyonifurahisha zaidi. Treni ilipanda mlima polepole, ziwa likashuka chini yetu likawa kama sinia. Hao watu wazima watatu waligombania dirisha, wakashtakiana kwangu, wakahesabu ng'ombe na kudanganyana hesabu.

Saa nne tulishuka Maseno, kwenye ubaridi na harufu ya mikaratusi. Karibu na kituo kuna kibanda cha Mama Risper, anayepikia wanafunzi chapati na maharagwe. Alituuliza tumekuja kumwona nani. Tukasema hakuna, tumekuja kupanda treni. Akaweka mwiko chini.

"Watu wanne wamevaa hivi, na hawana mwenyeji? Basi mmekuja kwangu."

Akatuingiza nyumbani kwake, nyuma ya kibanda. Nilimpa samaki wote, akawapasha moto kwa nyanya, tukala pamoja mpaka vidole vikang'aa. Wakati wa kurudi alitusindikiza hadi jukwaani, akasimama hapo mpaka treni ikaondoka, kana kwamba alituzaa.

Jioni, tukiteremka kuelekea Kisian, Akinyi alilala na Odhiambo akawa anasahihisha daftari za wanafunzi wake. Ochieng alihamia karibu nami. Mikono yake ina oili kwenye mistari hata Jumamosi. Treni ilipoanza kupunguza mwendo akasimama.

"Ya treni umelipa, Dada."

"Nashukuru."

"Ile ya sweta bado."

"Bado," nikasema.

"Kesho niko nyumbani mchana kutwa," akasema, akashuka, akanipungia mkono.

Safari hii imenifunza kwamba wadogo zangu hawakusahau lolote, zuri wala baya. Sweta niliikata, hairudi kuwa nzima. Lakini kesho nikitoka kanisani nitakwenda Kisian, nikae kwenye kiti atakachonipa, nimuulize Ochieng swali nililopaswa kumuuliza akiwa na miaka kumi na minne: yeye alitaka nini. Kisha ninyamaze, nimsikilize mpaka amalize.